Wasomaji Wanauliza: Barabara Zenye Herufi E

Ramani ya Ulaya ya Kaskazini tuliyoitoa toleo lililopita, ile yenye barabara zilizoandikwa E4, E6, E20 na nyinginezo, imetuletea barua nyingi kutoka Kigoma na Tabora. Barua zinazofanana tumeziunganisha. Walioulizia nauli ya ndege watuwie radhi, hilo si la ukurasa huu.

SWALI (mwalimu wa Jiografia, Kasulu): Ndugu wahariri, niliwafundisha kidato cha tatu kwamba barabara za E zinazokwenda kaskazini na kusini zina namba witiri, na zile za mashariki na magharibi zina namba shufwa. Kijana mmoja akanyanyua ramani yenu: E4 na E6 zinapanda kaskazini, na zote mbili ni shufwa. Darasa likacheka. Nimekosea mimi au mmekosea nyinyi?

JIBU: Hakuna aliyekosea, mwalimu, na huyo kijana ana jicho. Mfumo wa barabara za E uko chini ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya, iliyoko Geneva. Ulianza kwa azimio la mwaka 1950, kisha namba zikapangwa upya kwa mkataba wa 1975 ulioanza kutumika 1983. Kanuni yako imetoka kwenye mkataba huo. Barabara za kaskazini na kusini ni witiri, zile mama zinaishia na 5 (E45, E55, E65, E75), na namba hukua kila unaposogea mashariki. Za magharibi na mashariki ni shufwa, zile mama zinaishia na 0, na namba hukua kila unaposhuka kusini. Ndiyo maana E10 iko juu kabisa, kwenye visiwa vya Lofoten, Norway, na E90 iko chini, Uturuki. Zenye tarakimu tatu ni matawi.

E4 na E6 ni namba za mpango wa zamani. Kwa mpango mpya E6 ingekuwa E47, na E4 ingekuwa E55. Sweden na Norway ziligoma, na sababu ilikuwa ya mfukoni: huko barabara ya E haina namba nyingine ya kitaifa. Ujerumani kibao cha E hukaa pamoja na namba ya nchi, kwa hiyo ukikibadili dereva hapotei. Sweden ukiibadili E4 unang'oa vibao kutoka Helsingborg hadi Haparanda, zaidi ya kilomita 1,500. Basi zikaachiwa majina yao ya utotoni. Uingereza nayo ina mambo yake: E20, inayotoka Ireland hadi St Petersburg, inapita kwao kwenye makaratasi, lakini barabarani hutaona kibao hata kimoja chenye E.

Waeleze na hili, maana ramani hulificha. Namba ya E ni anwani tu, haisemi barabara ikoje. E6 hiyohiyo, karibu na Malmö, kusini mwa Sweden, ina njia mbili kila upande na uzio katikati. Kaskazini mwa Norway ni lami ya kupishana, imebanwa kati ya mwamba na maji. Na kuna mahali inakatika kabisa: kati ya Bognes na Skarberget gari hupanda pantoni kwa dakika kama 25, kama ilivyokuwa Kigongo–Busisi kabla ya daraja.

SWALI (dereva wa lori, Nzega): Mimi natembea Dar–Rusumo. E6 inaonekana inatoka kusini mwa Sweden mpaka karibu na Urusi. Lori linatumia siku ngapi? Na nimeona picha za wenzetu wa kule wanavuta matela mawili marefu. Mizani hawana?

JIBU: Kaka, tuanze na siku. E6 inaanzia Trelleborg na kuishia Kirkenes, zaidi kidogo ya kilomita 3,000. Kule mwendo wa dereva haupangwi na tajiri wala na tingo. Unapangwa na takografu, kifaa kinachoandika kila dakika uliyoshika usukani. Sheria ya Umoja wa Ulaya, ambayo Norway nayo huifuata, inaruhusu saa 9 za usukani kwa siku, na mara mbili kwa wiki saa 10. Baada ya saa 4 na nusu unasimama dakika 45. Mapumziko ya kila siku ni saa 11. Wiki haitakiwi kuzidi saa 56 za usukani, na wiki mbili zinazofuatana zisizidi 90. Kwa wastani wa kilomita 60 hadi 65 kwa saa, E6 nzima ni kama saa 48. Gawa kwa 9, utaingia siku ya sita. Hiyo ni kiangazi, barabara ikiwa kavu.

Ila dereva anayeijua kazi hafuati E6. Kutoka Trelleborg anaikamata hadi Helsingborg tu, anahamia E4, anapanda pwani ya mashariki ya Sweden mpaka Haparanda, anavuka mto kuingia Tornio upande wa Finland, anapita Rovaniemi na Ivalo, kisha anaingia Norway kwa mlango wa nyuma na kutokea Kirkenes. Anaokoa zaidi ya kilomita 600, hapandi pantoni, na milima ameikwepa. Hata anayetoka Oslo, mji ulio Norway, akienda Kirkenes, ulio Norway, hupitia Sweden na Finland. Namba moja kutoka mwanzo hadi mwisho haina maana ya njia ya mkato.

Kwenye E4 kuna kitu ambacho mtu wa Nzega atakipenda. Zamani sehemu kubwa ya barabara kuu za Sweden ilikuwa lami ya upana wa mita 13, kila mtu anaovateki anapotaka, na magari yakigongana uso kwa uso. Badala ya kujenga barabara mpya, waliigawa hiyohiyo njia tatu na kufunga waya za chuma katikati. Kwa kilomita moja au mbili upande wako una njia mbili, unaovateki. Kisha njia ya kati inahamia kwa wenzako, na wewe unasubiri zamu. Majaribio yalianza 1998 kwenye E4 hiyohiyo, kaskazini mwa Gävle. Ajali za uso kwa uso zikapungua sana, maana waya haubembelezwi.

Wakati wa baridi hesabu ya siku sita inakufa. Norway inataka gari linalozidi tani 3.5 liwe na tairi za baridi kuanzia 15 Novemba hadi 31 Machi, kina cha kashata kisipungue milimita 5, na minyororo ya tairi iwemo garini. Kwenye Saltfjellet, pale E6 inapovuka mstari wa Aktiki, upepo wa theluji ukizidi geti hufungwa na magari huvushwa kwa msafara nyuma ya gari la kusukuma theluji. Kabla ya kupanga foleni hakikisha dizeli ni ya kutosha na nguo nzito ziko ndani ya kabini, si kwenye boksi la nje. Ukiwa ndani ya msafara huovateki, hugeuzi, hushuki. Kwa kulinganisha tu: Dovrefjell, mahali pa juu kabisa pa E6, ni mita zaidi kidogo ya 1,000. Tabora mjini ni kama mita 1,200. Baridi yao haitokani na urefu wa mlima, wako tu mbali mno na ikweta.

Sasa mizani. Wanayo, na ni mikali. Finland tangu 2013 inaruhusu tani 76, na tangu 2019 urefu wa mita 34.5. Sheria ya Afrika Mashariki inaishia tani 56. Lakini tani 76 za Finland zinakaa juu ya ekseli 9, na 56 zetu juu ya ekseli 7. Piga hesabu: kwao kila ekseli ina wastani wa tani 8.4, kwetu tani 8. Lami haijui uzito wa gari zima, inajua uzito wa ekseli moja inapopita, na madhara hukua karibu kwa kipeo cha nne. Ukizidisha asilimia 10 kwenye ekseli, unaumiza barabara kwa asilimia 46 zaidi. Ukizidisha mara mbili, ni mara 16. Ndiyo maana ofisa wa mizani anaweza kukusimamisha kwa ekseli moja hata kama jumla yako iko sawa. Panga mzigo upya, usibishane.

SWALI (mwanafunzi, Ujiji): Shikamooni. Baba anasema Norway kuna barabara zinapita chini ya bahari. Kama ni kweli, kwa nini sisi tusichimbe moja chini ya ziwa mpaka Kongo?

JIBU: Marahaba. Baba yako kasema kweli. Barabara ya E69, inayokwenda Nordkapp, inapita kwenye handaki la karibu kilomita 7 lililofunguliwa 1999, na katikati yake uko mita 212 chini ya usawa wa bahari. Milangoni kuna malango yanayojifunga yenyewe baridi ikizidi, maana maji yanayochuruzika ndani yakiganda yanakuwa mapande ya barafu juu ya vichwa vya watu. Kati ya Denmark na Sweden, E20, ukitokea Denmark, inapita kwanza ndani ya handaki la kilomita 4, inaibuka kwenye kisiwa cha kutengenezwa, kisha inaendelea juu ya daraja la mita 7,845. Vyote hivyo vilifunguliwa Julai 2000. Hawakujenga daraja moja kwa moja kwa sababu upande wa Copenhagen kuna uwanja wa ndege, na nguzo ndefu zingezuia ndege zinazotua, tena meli nazo zinahitaji njia.

Ugumu wa handaki la namna hiyo ni mteremko. La Nordkapp linashuka kama mita 9 kwa kila mita 100. Lori likishuka kwa breki za miguu zinachemka, likipanda injini inachemka, na moto ndani ya handaki ni jambo baya kuliko la nje. Kwa mahandaki mapya Ulaya imeweka ukomo wa mita 5 kwa kila 100, isipokuwa pale ardhi isipotoa njia nyingine.

Chukua ukomo huo uje nao Ujiji. Ziwa Tanganyika upande huu wa kaskazini lina kina kinachozidi mita 1,300. Kushuka mita 1,300 kwa mita 5 kila 100 unahitaji kilomita 26, na kupanda upande wa pili nyingine 26: jumla 52. Upana wa ziwa kwa wastani ni kama kilomita 50. Yaani ungeanza kushuka kabla hujayaona maji, usipate hata mita moja ya tambarare, na bado hatujaacha mwamba wa kushikilia paa, wala hatujakumbuka kwamba ziwa limelala ndani ya Bonde la Ufa, ambako ardhi hutikisika. Wanorway wenyewe wana Sognefjord, ghuba nyembamba yenye kina cha mita 1,300 na kitu, sawasawa na hapo kwenu. Barabara ya E39 inapoifikia, kati ya Lavik na Oppedal, hawachimbi. Wanapanda pantoni. Mwaka 2015 pantoni inayotembea kwa betri, MF Ampere, ilianza kazi hapo.

SWALI (fundi magari, Tabora mjini): Mteja wangu anataka kuagiza Scania iliyotumika Sweden. Anasema barabara za kule ni laini kwa hiyo gari litakuwa halijachoka. Nimwambie nini?

JIBU: Mwambie kuhusu laini yuko sahihi, kuhusu kuchoka aulize chumvi. Scania ni ya Södertälje, mji ambao E4 na E20 zinapita, na kusini mwa Sweden barabara hizo hunyunyiziwa chumvi majira yote ya baridi. Chumvi hushusha kiwango cha kuganda kwa maji, hivyo lami inabaki nyeusi. Ikishuka chini ya nyuzi -10 nguvu yake inapungua sana, ndiyo maana kaskazini zaidi wanaiacha barabara nyeupe, theluji iliyoshindiliwa, na kumwaga mchanga. Norway huchanganya mchanga huo na maji yaliyokaribia kuchemka ili uyeyushe kidogo, uzame, kisha ugande hapohapo kama msasa. Lori lililoishi Luleå, kaskazini, mara nyingi lina chini safi kuliko lililoishi Malmö, hata kama kilomita ni nyingi zaidi. Muulizeni muuzaji gari limeishi wapi kabla hamjauliza limetembea kiasi gani.

Ukilipata, usianze na injini, ingia chini na nyundo ndogo na bisibisi. Gonga fremu urefu wote: chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinajibu kwa sauti ya kopo. Mahali pabaya zaidi ni pale fremu ilipowekwa mara mbili. Kutu hujijenga katikati ya vyuma viwili na kuvisukuma vitengane. Ukiona pengo au ribiti imekatika kichwa, hapo usishushe bei, achana nalo. Kisha angalia vishikio vya springi, boksi la betri, ngazi za kabini, na matangi ya upepo upande wa chini ambako maji hukaa. Mabomba ya breki yapitie kwa kidole, hasa palipofungwa klipu. Fungua soketi za umeme za nyuma; ukikuta unga wa kijani, chumvi imeshaingia kwenye waya na taa zitakusumbua miaka. Lami nyeusi iliyopakwa chini juzijuzi ikwangue kabla ya kuisifu.

Mambo mengine matatu. Maji ya rejeta yanakuja na dawa ya kuzuia kuganda, kwa kawaida nusu kwa nusu. Mafundi wengi huimwaga na kuweka maji ya bomba kwa kuwa Tabora hakugandi. Kosa, dawa hiyo pia inazuia kutu ndani ya injini na kuchelewesha kuchemka. Pili, gari hilo halijui vumbi: ongeza chujio la awali kwenye njia ya hewa na ufupishe muda wa kubadili filta. Tatu, kama linatumia AdBlue, ile dawa ya kusafisha moshi wa dizeli, yale madumu yasikae juani, inaharibika na kuacha fuwele zinazoziba pampu.

Na usukani uko kushoto, maana Sweden wanaendesha kulia tangu Septemba 1967. Taratibu za usajili ziulizwe kabla ya kutuma hela. Wapo wanaokimbilia Uingereza kwa ajili ya usukani wa kulia. Sawa, ila huko nako chumvi humwagwa.

SWALI (mkandarasi mdogo, Kaliua): Nasikia hata Ulaya barabara hufungiwa malori kwa msimu kama sisi wakati wa masika. Wao wana hela, kwa nini lami ivimbe?

JIBU: Ndugu mkandarasi, ni ndugu wa tatizo lako la mbugani, mzazi tofauti. Udongo wako mweusi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Wao huvimbishwa na barafu. Watu hudhani ni kwa kuwa maji yakiganda hutanuka. Hutanuka kweli, kama asilimia 9, lakini hiyo ni sehemu ndogo. Kubwa ni kwamba barafu inapoanza kujenga tabaka ndani ya udongo laini, hunyonya maji kutoka chini kama utambi unavyonyonya mafuta. Tabaka linanenepa, barabara inanyanyuka. Yanahitajika mambo matatu pamoja: udongo laini, maji yaliyo karibu, na baridi inayoshuka polepole. Ukiondoa moja, haivimbi.

Hasara halisi huja baridi inapoisha. Barafu huyeyuka kuanzia juu, chini bado pamegandamana, maji hayana pa kwenda, na msingi unakuwa uji chini ya lami. Lori moja zito linatosha. Kwa hiyo barabara ndogo za Finland na Sweden huwekewa ukomo wa uzito kwa wiki kadhaa. Barabara za E hazifungwi kwa sababu zilichimbwa kwa kina na kujazwa kokoto nene isiyonyonya maji, mitaro ikashushwa chini ya tabaka hilo, na penye ubaya zaidi wakalaza mabamba ya kuzuia baridi isifike chini.

Kwako dawa inafanana: ondoa udongo mweusi na ujaze moramu, au changanya chokaa kama kuuondoa kunazidi bajeti, na mabega ya barabara yawe mapana yasiyopitisha maji ili kulowa na kukauka kuishie pembeni, kusifike tairi zinapopita. Mtaro ukiuchimba kwa kubana mguuni mwa tuta, kazi yote ya juu ni bure.

SWALI (mfanyabiashara, Uvinza): Kibao cha mnyama mwenye mapembe kwenye picha yenu ni cha nini? Sisi ng'ombe tunawapigia honi tu.

JIBU: Huyo ni elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, kilo 300 hadi 500 na ushei. Hatari yake ni miguu. Ukigonga ng'ombe kwa gari dogo, boneti inampokea. Elki boneti inamkata miguu na mwili mzima unaingia kwa kioo cha mbele. Fikiria twiga, si ng'ombe. Hutokea zaidi alfajiri na magharibi. Ukimgonga Sweden, hata akikimbia, unaweka alama mahali hapo na kupiga simu polisi. Kaskazini zaidi ukiona mifuko myeusi ya plastiki imefungwa kwenye vijiti vya kando ya barabara, punguza mwendo: wafugaji wa Kisami, wenyeji wa huko, wanakuonya kwamba mifugo yao, reindeer, wanyama wadogo kuliko elki wanaotembea kwa makundi, iko karibu.

SWALI (kijiwe cha bodaboda, Urambo): Tumewekeana soda. Mmoja anasema E75 inaanzia Finland, mwingine Norway.

JIBU: Norway, mji wa Vardø, ulio kisiwani, inatoka hapo kwa handaki la bahari la karibu kilomita 3. Kisha inashika Finland kutoka juu hadi chini, Utsjoki, Rovaniemi, Oulu, Jyväskylä hadi Helsinki, namba inaruka bahari hadi Gdańsk, Poland, na kuishia Sitia, kisiwa cha Krete, Ugiriki. Aliyesema Finland anunue, ila apewe funda moja: kipande cha Finland ni zaidi ya kilomita 1,000.